Jinsi ya Kujifunza Msamiati wa Falaki kwa Kutazama Anga la Uganda

Anayetaka kujua msamiati wa falaki, yaani elimu ya jua, mwezi, nyota na sayari, asianze na orodha ndefu ya majina, kwa kuwa orodha husahaulika upesi. Aanze na vitu vinavyoonekana angani, na kila jina alijifunze pamoja na kitenzi chake: jua huchomoza, hutua na hupatwa; mwezi huandama, hupevuka na hupatwa; sayari hulizunguka jua; kimondo huanguka. Kila jioni isiyo na mawingu, andika katika daftari sentensi moja kamili juu ya ulichokiona.

Tenganisha kwanza nyota na sayari. Nyota hutoa mwanga wake yenyewe, na jua letu ni mojawapo, ilhali sayari huangazwa na jua. Zuhura, ambayo wengi huiita nyota, ni sayari. Huonekana magharibi baada ya jua kutua, au mashariki kabla ya mapambazuko, kutegemea mahali ilipo katika mzunguko wake. Mirihi, Mshtarii na Zohali nazo huonekana bila darubini. Kitu kinachoizunguka sayari huitwa setilaiti: mwezi ni setilaiti ya asili, na PearlAfricaSat-1, iliyorushwa Novemba 2022, ilikuwa setilaiti ya kwanza ya Uganda iliyotengenezwa na binadamu.

Kimondo na nyotamkia huchanganywa sana, kwa hiyo inafaa kutulia hapa. Nyotamkia ni bonge la barafu na vumbi linalolizunguka jua, ambalo huota mkia likilikaribia, na huweza kuonekana kwa siku au wiki kadhaa. Kimondo ni jiwe au chembe ya vumbi inayoingia katika angahewa la dunia kwa kasi kubwa ikang'aa kwa sekunde chache, kisha kwa kawaida ikateketea yote. Mara chache mawe hufika chini, kama ilivyotokea Mbale tarehe 14 Agosti 1992, ambapo kipande kidogo kilichopunguzwa kasi na majani ya mgomba kilimgonga mvulana kichwani, naye hakudhurika sana. Sijui mfano bora zaidi wa kumfanya Mganda alikumbuke neno hili.

Kuhusu kupatwa, jiulize daima ni nini kilicho katikati. Mwezi ukiwa kati ya jua na dunia, jua hupatwa, na jambo hilo hutokea wakati wa mwezi mpya tu, kabla haujaandama. Dunia ikiwa katikati, kivuli chake huufunika mwezi mpevu, nao hupatwa. Jua likifunikwa lote, husemwa limepatwa kikamilifu, kama ilivyoonekana Pakwach tarehe 3 Novemba 2013. Likifunikwa upande mmoja, limepatwa kwa sehemu. Biharwe, karibu na Mbarara, kuna mnara wa kumbukumbu ya kupatwa kwa jua kunakohesabiwa kuwa kulitokea mwaka 1520, na ziara ya huko humpa mwanafunzi nafasi nzuri ya kulieleza tukio hilo kwa maneno yake mwenyewe.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa kikamilifu Misri, na Uganda litapatwa kwa sehemu. Tayarisha mapema miwani maalumu ya kutazamia jua, kwa kuwa miwani ya kawaida ya jua haikingi macho, kisha andika unachokiona hatua kwa hatua, tangu mwezi unapoanza kuligusa jua hadi unapoliachia.