Nyekundu isiwe ya kila siku: kupanga jumbe za mfumo kwa uzito wake

Mfumo wa kwanza niliouandikia saccos moja hapa Moshi ulikuwa na rangi mbili tu: kijani mambo yakienda, nyekundu yasipokwenda. Keshia akiacha namba ya simu wazi, nyekundu. Nywila yake ikikaribia kuisha muda, nyekundu. Akiandika 150.000 badala ya 150,000, nyekundu. Kila ujumbe ulitokea juu kabisa ya ukurasa ukiwa na alama ya X pembeni, na yule mama alishazoea kuibonyeza bila hata kutazama.

Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi diski ya seva ikajaa. Mfumo ukamwambia, kwa rangi ile ile, kwamba muamala haujahifadhiwa. Akabonyeza X, akaita mteja anayefuata. Jioni, wakati wa kufunga hesabu, fedha mkononi zikazidi zile za kwenye mfumo, tukakaa hadi saa mbili usiku tukipitia vishina vya risiti kimoja kimoja. Nilipojitetea kwamba ujumbe ulitokea, alinijibu taratibu: "Mwanangu, hiyo nyekundu yako inakuja hata nikikosea nukta. Nitajuaje kwamba leo ina maana?"

Sikuwa na jibu. Siku hizi naanza hivi.

Kabla ya kuandika mstari wowote wa programu, chukua daftari uorodheshe kila ujumbe ambao mfumo wako unaweza kutoa. Mbele ya kila mmoja andika mambo mawili: msomaji afanye nini, na asipofanya kitapotea nini. Usiandike mashine imepatwa na nini, hilo halimhusu. Kama hana la kufanya, hiyo ni taarifa. Kama alichoomba kimekamilika, ni mafanikio. Kama anaweza kuendelea lakini kuna jambo litakalomrudia baadaye, mfano mkopo uliobakiza siku tatu kupita tarehe, ni onyo. Kosa ni pale tu anapodhani kitu kimefanyika na hakijafanyika. Jumbe zangu zilikuwa thelathini na moja. Makosa ya kweli yalibaki manne.

Ngazi hizo nne zinamtosha mtu wa kaunta. Za kwako wewe fundi ni nyingine, zinaingia kwenye logi, yaani faili la kumbukumbu za mfumo, na hapo kuna mtego. Kiwango cha syslog, utaratibu wa kuandika na kutuma logi uliowekwa kwenye waraka RFC 5424 wa mwaka 2009, kina ngazi 8, na namba ndogo ndiyo nzito: 0 ni dharura, 3 ni kosa, 4 ni onyo, 7 ni maelezo ya kutafutia hitilafu. Python, lugha ya kuandikia programu, inakwenda kinyume: 10 ni hayo maelezo ya hitilafu, 20 taarifa, 30 onyo, 40 kosa, 50 hali mbaya kuliko zote. Django, zana ya Python ya kujengea tovuti, kwa jumbe za mtumiaji ikapachika 25 katikati kwa ajili ya mafanikio. Ukihamisha namba kutoka upande mmoja kwenda mwingine bila kuzigeuza, utakuwa na mfumo unaokuamsha usiku kwa mambo ya kawaida halafu unanyamaza siku ya balaa. Yamenikuta.

Kwenye Django kazi yenyewe ni fupi. Ukishahifadhi, unaita messages.success, au messages.error ikishindikana, kisha unamhamishia mtu ukurasa mwingine ili akifungua upya asijikute ameingiza malipo mara mbili. Ujumbe unasubiri kwenye kuki (kumbukumbu ndogo ndani ya kivinjari) au sesheni (kumbukumbu ya mtumiaji upande wa seva), na unafutika pale templeti, yaani faili la sura ya ukurasa, inapoupitia kwa kitanzi chake cha for. Ukisahau kitanzi hicho kwenye ukurasa mmoja, jumbe hazipotei: zinarundikana, zinakuja kumwagika kwenye ukurasa mwingine, na mtu anasoma mchana habari za asubuhi. Kama unatumia Bootstrap, maktaba ya mitindo na rangi za kurasa, kumbuka kwamba Django inaliita kosa error na Bootstrap inaliita danger. Usipolinganisha majina hayo kwenye MESSAGE_TAGS, ndani ya mipangilio ya Django, kosa litatokea bila rangi yoyote, nalo ndilo ulilotaka lionekane kuliko yote. Zikija jumbe kadhaa kwa pamoja, zipange kwa level, yaani namba ya ngazi, kubwa juu.

Kasoro za kujaza fomu ziondoe huko juu ya ukurasa, ziweke chini ya kisanduku chenyewe. Hilo peke yake liliondoa nusu ya nyekundu zangu. Mafanikio yanaweza kutoweka yenyewe baada ya sekunde chache, ingawa penye fedha huwa nayaacha pamoja na namba ya risiti. Kosa lisitoweke lenyewe kamwe, wala lisiwe na X. Mimi nimeliwekea kitufe kilichoandikwa "Nimesoma, sijatoa risiti".

Usitegemee rangi peke yake. Kaunta ile inatazama mashariki, na asubuhi jua likipiga kioo, nyekundu na rangi ya chungwa ni kitu kimoja. Wapo pia wasiotofautisha nyekundu na kijani. Anza na neno, KOSA au ONYO, weka na alama yake. Kwa wasioona, wanaosomewa skrini na programu, taarifa na mafanikio yape sifa ya HTML role="status", ambayo inasubiri zamu yake. Kosa lipe role="alert", ambayo inakatiza. Ukiipa kila kitu alert, umerudi kule kule kwenye nyekundu yangu.

Maneno yenyewe nayo yana kazi. Ujumbe wa zamani ulisema: "Hitilafu 500, imeshindikana." Wa sasa unasema: "KOSA. Marejesho ya sh. 150,000 hayajahifadhiwa. Usitoe risiti. Mpigie fundi, mtajie namba 4471." Habari za diski na seva zinabaki kwenye logi, chini ya namba hiyo hiyo 4471.

Mwezi wa pili baada ya mabadiliko nilikuwa Kiboriloni nachagua viatu vya mtumba, simu ikaita. Ni yule mama. "Kijana, leo kuna nyekundu. Nimewasimamisha watu." Nikarudisha viatu, nikapanda bodaboda.