Limfoma ya mbwa, seli B au T: kuchagua kingamwili na kutia rangi slaidi

Mitoki ya mbwa ikishathibitishwa kuwa na limfoma (saratani ya seli za kinga za aina ya limfosaiti), daktari wake anangoja jibu moja zaidi: seli hizo ni B au T? Limfoma kali za seli T kwa kawaida hazitulizwi na dawa kwa muda mrefu kama zile za seli B, kwa hiyo slaidi iliyotiwa rangi vibaya humpa mnyama utabiri usio wake. Makosa mengi huwa yameshafanyika kabla ya kufunguliwa chupa ya kingamwili, yaani protini inayoshika alama ya aina fulani ya seli ili rangi ionyeshe ilipo.

Kingamwili nyingi zinazouzwa zilitengenezwa zishike protini ya binadamu. Karatasi yake ikisema inafaa kwa mbwa, uliza pia kama ilijaribiwa kwenye tishu iliyokaa formalini na kugandishwa kwenye nta ya parafini. Inayoshika vizuri kwenye seli hai inaweza isishike chochote hapa, kwa sababu formalini huzifunga protini na kubadilisha umbo la sehemu inayolengwa. CD20, protini ya seli B, ni mfano wa wazi. Kingamwili yake ya kloni L26 (kloni ni ukoo mmoja wa seli unaotengeneza kingamwili ya aina moja), inayotegemewa sana kwa binadamu, haifai kwa seli B za mbwa. Ukiitumia utaandika "hasi" juu ya uvimbe uliojaa seli B. Kwa mbwa tumia CD20 poliklonali (mchanganyiko wa kingamwili) ya sungura, au CD79a, alama nyingine ya seli B, kloni HM57 iliyotokana na panya, ambayo hushika spishi nyingi. Kwa seli T, anza na ya CD3, alama ya seli T, poliklonali ya sungura inayolenga sehemu ya ndani ya mnyororo wa epsiloni, maana sehemu hiyo inafanana sana kati ya wanyama. PAX5 ni msuluhishi mzuri wa seli B: hukaa ndani ya kiini, na kuisoma si kazi. Kamwe usitoe jibu kwa kingamwili moja.

Sasa tishu. Mtoki mzima ukitumbukizwa kwenye formalini, ganda lake huchelewesha dawa kufika ndani. Matokeo yake pembeni rangi inashika na katikati panabaki tupu. Kata vipande visivyozidi milimita 5, tumia formalini ya asilimia 10 yenye bafa, ujazo wake mara 10 ya tishu, kwa saa 24 hadi 48. Tishu iliyosahauliwa humo wiki kadhaa inaweza kupoteza nguvu ya kushika rangi.

Kata nta kwa unene wa mikromita 3 hadi 4, tumia slaidi zenye chaji ili tishu isibanduke wakati wa kuchemsha, na uzikaushe nyuzi 37 usiku kucha. Toa nta kwa zailini mara 3, dakika 5 kila mara, kisha ethanoli ya asilimia 100, 95 na 70, kisha maji. Kuanzia hapo slaidi isikauke hata kidogo, kwani palipokauka huleta rangi ya uongo.

Kuzifungua upya antijeni (sehemu zinazolengwa na kingamwili) kwa joto ndiko kunakoamua mengi. Bafa mbili za kujaribu ni sitreti milimola 10 yenye pH 6.0, na Tris milimola 10 pamoja na EDTA milimola 1, pH 9.0. Nyuzi 95 hadi 98 kwa dakika 20, kisha ziache zipoe ndani ya bafa dakika 20 nyingine. Walio Nairobi wakumbuke kuwa kwenye mita kama 1,800 maji huchemka karibu nyuzi 94, kwa hiyo sufuria ya wazi haifikii kipimo hicho hata moto ukiongezwa. Tumia sufuria ya presha, anza na dakika 3 tangu presha ijae.

Usiamini uzimuaji ulioandikwa kwenye chupa. Chukua mtoki wa mbwa mzima wa afya, zimua 1:50, 1:100, 1:200 na 1:400 kwa kila bafa. Hizo ni slaidi 8 kwa kila kingamwili. Ongeza 2 zisizo na kingamwili ya kwanza (ile inayoshika protini unayoitafuta), moja kwa kila bafa. Chagua pale CD3 inapoonyesha wazi eneo la seli T kati ya vifundo (mafungu ya seli B) huku kitovu cha vifundo kikibaki na seli chache tu zilizoshika, na CD79a ikionyesha kinyume chake.

Siku ya kazi mfululizo ni huu: haidrojeni peroksaidi asilimia 3 dakika 10, kwa sababu chembe nyekundu za damu na eosinofili zina peroksidasi yao wenyewe (kimeng'enya kinachoigeuza DAB kuwa kahawia), seramu ya mbuzi asilimia 5 dakika 20 ikiwa kingamwili ya pili (inayoishika ile ya kwanza) ni ya mbuzi, kisha imwage tu bila kusuuza, kingamwili ya kwanza dakika 60 kwenye kisanduku chenye unyevu, polima yenye kingamwili ya pili na peroksidasi dakika 30, DAB dakika 5, muda uleule kwa slaidi zote, haematoksilini (rangi ya buluu ya viini) sekunde 30. Baada ya haidrojeni peroksaidi, kingamwili ya kwanza na polima, suuza kwa TBS (bafa ya Tris yenye chumvi) yenye Tween 20, aina ya sabuni, asilimia 0.05 mara 3. Bafa isiwe na sodiamu azaidi, kwani huua peroksidasi.

Seli za plazima zikigeuka kahawia hata kwenye slaidi isiyo na kingamwili ya kwanza, kingamwili ya pili inashika imunoglobulini ya mbwa mwenyewe. Nunua iliyochujwa dhidi ya seramu ya mbwa. Mitoki ya taya inaweza kuwa na melanini, ambayo nayo ni kahawia kama DAB; hapo badilisha utumie rangi nyekundu ya AEC na ufunike kwa gundi ya maji, kwa sababu alkoholi huiyeyusha.

Katika kusoma, CD3 inatakiwa ionekane kwenye utando na saitoplazimu. Ikionekana kwenye kiini, kuna kosa. Seli T za kawaida hutapakaa hata ndani ya limfoma ya seli B, hivyo angalia zile seli kubwa za uvimbe ndizo zimeshika nini. Hizo seli T ndogo ndizo kipimo chako cha ndani: zisiposhika CD3, usiandike "hasi", rudia slaidi.