Jinsi ya Kuomba Medicare Part D Ilipie Dawa Iliyoandikwa Nje ya Lebo

Nchini Marekani daktari anaruhusiwa kukuandikia dawa kwa ugonjwa usiotajwa kwenye lebo (maelezo rasmi ya dawa) iliyoidhinishwa na FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani. Kikwazo kiko kwenye bima. Part D, sehemu ya dawa ya Medicare (bima ya afya ya serikali, hasa kwa wazee), hulipia matumizi yaliyomo kwenye lebo, au yanayoungwa mkono na AHFS-DI au DRUGDEX, rejea mbili za dawa zinazotambuliwa na Medicare. Kwa saratani mlango ni mpana zaidi: miongozo ya NCCN (mtandao wa vituo vya saratani vya Marekani) na tafiti kutoka majarida yanayokubalika nazo huhesabika. Ombi lako basi litasimama juu ya rejea hizo. Barua ya daktari inayoeleza tu kwamba umepata nafuu, hata kama ni kweli tupu, haitalibeba.

Anza na lebo. Ifungue kwenye tovuti ya DailyMed. Lebo za mpangilio wa 2006 zina vifungu vyenye namba: cha 1 hutaja magonjwa na cha 2 dozi. Soma neno kwa neno, maana umri, dozi au njia ya kutumia dawa ikitofautiana, nayo ni nje ya lebo. Plasta ya lidocaine ya asilimia 5, kwa mfano, imeidhinishwa kwa maumivu yanayobaki baada ya mkanda wa jeshi, plasta zisizozidi 3 kwa mara moja, saa 12 tu katika kila saa 24. Ikiandikwa kwa maumivu ya kiuno, imetoka nje ya lebo.

Hapo ndipo watu hukataliwa bila sababu ya msingi: mgonjwa ana maumivu ya mkanda wa jeshi kweli, ila kliniki imetuma kwa bima msimbo (namba rasmi ya ugonjwa) wa kiuno. Msimbo unaotumika sana kwa maumivu ya baada ya mkanda wa jeshi ni B02.29. Ule wa kiuno, M54.5, wenyewe haukubaliki tena tangu Oktoba 2021. Uligawanywa kuwa M54.50, M54.51 na M54.59. Omba msimbo usahihishwe ikiwa ugonjwa wako kweli ni maumivu ya mkanda wa jeshi. Kubadilisha msimbo ili bima ilipe ni udanganyifu, na faili lako la matibabu litaufichua.

Jibu la "bima imekataa" kutoka kwa mfamasia si uamuzi rasmi, na huwezi kulikatia rufaa. Piga namba iliyo nyuma ya kadi yako ya bima, useme unaomba uamuzi rasmi wa malipo ya dawa. Daktari anaweza kuomba kwa niaba yako bila fomu ya uwakilishi. Ndugu au rafiki atahitaji fomu CMS-1696 yenye saini zenu wote wawili.

Kwenye ombi, wewe na daktari andikeni jina la dawa, nguvu yake, idadi kwa mwezi, ugonjwa na msimbo wake, dawa zilizojaribiwa pamoja na tarehe na kilichozikwamisha. Ambatisheni ukurasa wa rejea unaotaja ugonjwa huohuo na umri unaolingana na wako. AHFS-DI na DRUGDEX ni za kulipia na kliniki nyingi ndogo hazina, kwa hiyo muulizeni mfamasia wa hospitali. Dawa isipokuwa kwenye orodha ya bima, daktari aongeze maelezo ya kuomba ipewe nafasi ya pekee, yaani ilipiwe ingawa haimo kwenye orodha. Nafasi hiyo haiondoi sharti la lebo na rejea.

Jibu hutoka ndani ya saa 72, au 24 daktari akithibitisha kuwa kusubiri kutahatarisha afya yako. Kwa maombi ya nafasi ya pekee, saa huanza kuhesabiwa maelezo ya daktari yanapofika, kwa hiyo faksi iliyokwama kliniki hukupotezea siku.

Ukikataliwa, una siku 65 tangu tarehe iliyo kwenye barua kukata rufaa. Bima hujibu ndani ya siku 7, au saa 72 kwa rufaa ya dharura. Ikikataa tena, ombi la kwenda kwa mkaguzi huru ulipeleke mwenyewe. Bima ikipitisha muda bila kujibu, inalazimika kulipeleka faili kwa mkaguzi huyo ndani ya saa 24.