Muhuri nyuma ya bizimu ya jeshi: soma chuma kwanza, muhuri baadaye

Wakuu, kama unakusanya bizimu za jeshi, yani kile chuma cha mbele cha mkanda, weka hili kichwani mapema: muhuri wa kiwanda peke yake hauthibitishi kitu. Kugonga herufi nne na mwaka ni kazi ya dakika chache tu, tena kuna wajanja wanachukua bizimu orijino kabisa ambayo haikuwa na muhuri wanaigonga jina la kiwanda maarufu ili bei ipande, kwahiyo chuma kinaweza kuwa cha kweli na muhuri ukawa wa uongo.

Naongelea za Ujerumani sababu ndo zinatafutwa sana na ndo zinafekiwa sana.

Anza na mbele. Ya Prussia, moja ya majimbo ya Ujerumani, ya vita ya kwanza ya dunia ina taji na maneno Gott mit uns, Mungu yuko nasi, wakati jimbo la Bavaria waliandika In Treue fest. Mwanzoni walitumia shaba ya manjano, kuanzia 1915 wakahamia chuma chenye rangi ya kijivu maana shaba ilikuwa inahitajika kwingine vitani. Ile ya tai mwenye swastika, ile alama ya Nazi, ya jeshi la nchi kavu ilikuja 1936, za awali alumini, afu vita ilivyopamba moto chuma. Sasa ukikuta tai wa 1936 halafu nyuma pamegongwa 1934, irudishe tu mezani. Na sumaku tembea nayo mfukoni, inashika chuma, haishiki alumini wala shaba, so muuzaji akikwambia alumini na sumaku ikang'ang'ania mjadala umeisha.

Ndo sasa geuza nyuma. Chukua lenzi ya sonara inayokuza mara 10 na tochi, mulika kwa upande, sio kwa juu, ili herufi zitoe kivuli. Kawaida muhuri uligongwa kwanza rangi ikafuata, kwahiyo rangi lazima iwe imeingia mpaka ndani ya herufi. Ukiona herufi zimekata rangi na chini chuma kinang'aa, au kuna kutu kila mahali ila ndani ya herufi pasafi, huo umegongwa juzi. Hii ndo hatua ninayoiamini kuliko zote, mimi iliwahi kuniokoa na bizimu ambayo kwa mbele haikuwa na kasoro hata moja.

Afu angalia kingo za herufi. Orijino ilipigwa kwa presi, kingo kali na uso laini. Feki nyingi zinamiminwa kwenye kalibu lililochukuliwa kutoka kwa orijino, herufi zinatoka kama sabuni iliyotumika, kuna vitundu vidogo vya hewa, na kwa vile madini yakipoa yanasinyaa basi bizimu nzima inakuwa ndogo kidogo, pima na vernia, kile kifaa cha kupimia vipimo vidogo, ulinganishe na orijino unayoijua.

Majina ya viwanda nayo yana mpangilio. Assmann, Overhoff & Cie na Berg & Nolte wote walikuwa mji wa Lüdenscheid, Dransfeld alikuwa mji wa Menden. Jifunze maumbo ya herufi za kila mmoja, usikariri jina tu. Alama ya RZM ilikuwa ya vifaa vya chama cha Nazi, sio vya jeshi, ukiikuta kwenye bizimu ya jeshi la nchi kavu kaa chonjo. Na za SS, kile kikosi cha chama cha Nazi, kama ndo unaanza achana nazo kwanza, zimejaa feki kupita kiasi.

Za awali zina ulimi wa ngozi wenye jina la kiwanda na mwaka. Hapo kagua uzi, mulika na taa ya UV kwenye giza, nyuzi nyingi za kisasa zinawaka, uzi wa enzi hizo kwa kawaida hauwaki.

Jina kubwa lisikutishe pia. Kuna bizimu zimeandikwa Tiffany, ile kampuni ya vito ya Marekani, nyuma zikiuzwa kama za Marekani ya karne ya 19, ukweli ni kwamba zilitengenezwa miaka ya 1960 na 1970 na kampuni yenyewe haikuhusika.

Kwa wanaonunua mtandaoni: Ujerumani kuonyesha swastika hadharani ni kosa isipokuwa kwa mambo kama elimu na utafiti, na ni sawa kabisa, ni alama ya utawala ulioua mamilioni, ila matokeo yake picha nyingi za mnada katikati pamezibwa. Kwahiyo omba picha ya nyuma, mwanga wa upande, muhuri karibu kabisa, na pale ndoano zilipochomelewa. Akizunguka zunguka kukupa, usitume hela.