Jinsi ya Kuchagua Mtindo wa Michoro na Hali ya Picha katika Mchezo wa Simu

Kabla hujafungua programu yoyote ya kuchora, andika kwa sentensi moja kile unachotaka mchezaji akihisi. Chukua mfano wa mchezo kuhusu mvuvi wa mukene katika Ziwa Victoria, ambaye huingia ziwani usiku usio na mbalamwezi na kuwavuta dagaa wake kwa taa. Ukiandika "upweke na subira", nusu ya michoro imekwisha kujichagua: maji yatakuwa ya buluu iliyokolea, mashua itakuwa kivuli, na manjano ya taa haitatumika mahali pengine popote, ili mchezaji akiiona ajue kwamba hapo pana mtu. Ukiandika "haraka na vicheko", ziwa hilohilo litadai jua la asubuhi, mashua nene zenye rangi kali, na wahusika wenye vichwa vikubwa.

Wengi hukimbilia michoro inayofanana na picha za kamera. Kwa kundi la watu wawili au watatu siushauri kabisa, kwa sababu kila wavu na kila ubao wa mashua utakula siku nzima. Mchezo wa Limbo, uliotoka mwaka 2010, hutumia weusi, weupe na kijivu tu, na hofu yake inatokana na yale ambayo giza limeyaficha.

Mifano ya kuigwa ikusanye kwa macho yako mwenyewe. Hapa Uganda, ambako ikweta inapita Kayabwe, jua la saa sita mchana hukaribia utosi na kivuli hujikunja miguuni, na jioni giza huingia upesi. Anayenakili picha zilizochorwa Ulaya huchora soko la Kampala la adhuhuri likiwa na vivuli virefu vya kulala, na mchezaji wa hapa huhisi kasoro hata kama hawezi kuitaja.

Kisha chora picha moja tu, iliyokamilika, ya tukio ambalo mchezaji atalitazama kwa muda mrefu zaidi, nawe uipeleke nje. Mimi niliifungua yangu mchana kwenye simu ya bei nafuu, katika kituo cha teksi, mwanga wa kioo ukiwa nusu, na mashua niliyoihangaikia wiki mbili ikazama katika maji yake. Nilipoigeuza picha iwe ya kijivu nikaona sababu: buluu ya maji na weusi wa mashua vilikuwa na uzito uleule, na pasipo tofauti ya mwanga na giza, rangi peke yake haimtenganishi mtu na kilicho nyuma yake. Niliyang'arisha maji kidogo, nikachora ukingo mwembamba wa manjano upande wa mashua unaoielekea taa, nikarudi kituoni saa ileile; mvuvi alionekana waziwazi, na usiku wake ulikuwa bado usiku.