Kubadilisha milango ya makabati na kaunta bila kuvunja jiko

Makabati ya jikoni hayazeeki yote kwa pamoja. Milango hubanduka na kaunta huoza kuzunguka sinki, huku boksi lenyewe, yaani mwili wa kabati, likiwa bado limesimama imara. Likiwa zima hakuna haja ya kulivunja. Ila wengi huanza na milango kwa sababu ndiyo inayoonekana, wakati adui wa jiko ni maji, na maji huharibu kwa chini.

Toa vyote vilivyo chini ya sinki, washa tochi, kisha choma ubao wa chini na wa nyuma kwa ncha ya bisibisi. Ikizama kirahisi, ubao umeoza. Chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa kwa gundi) iliyovimba hairudi hata ikauke vipi. Kata kipande hicho, weka plaiwudi ya milimita 18 na uzibe kingo zake kwa vanishi kabla ya kuifunga. Tengeneza kwanza bomba au kiungo kinachovuja. Angalia pia njia za udongo za mchwa ukutani. Mchwa akishaingia kwenye boksi, mlango mpya utamsaidia kujificha tu.

Kazi ifuate mpangilio huu: milango ya zamani itoke, boksi lirekebishwe na kusawazishwa kwa pimamaji, kaunta ikae, milango mipya ifungwe mwisho. Ukifunga milango kabla ya jiwe la kaunta, uzito wa jiwe utalikandamiza boksi na nafasi zote ulizozipanga zitapotea.

Vipimo

Mwanza utakuta majiko ya aina mbili: makabati ya maboksi ya mbao, na kaunta za zege zilizokaa juu ya kuta fupi za tofali, milango ikiwa imefungwa kwenye fremu. Hesabu zake hazifanani.

Kwa boksi, mlango hufunika kingo za mbele. Boksi la upana wa milimita 900 lenye milango miwili: ondoa 6, gawa kwa mbili, kila mlango unapata 447. Kwa zege, mlango huingia ndani ya fremu, kwa hiyo acha milimita 3 kushoto, 3 katikati, 3 kulia. Mlango wa mninga au mbao nyingine nzima uachie 4, maana mbao hunywa unyevu wakati wa masika na kutanuka. Ukiubana sana kiangazi, mwezi wa Aprili haufunguki. Pima kila nafasi juu, katikati na chini, utumie kipimo kidogo kuliko vyote. Usipime nafasi moja ukadhani zote ziko sawa, hasa kwenye kuta za tofali.

Bodi ya futi 8 kwa 4 (milimita 2440 kwa 1220) inatoa milango 6 ya 447 kwa 715, na kunabaki ukanda wa milimita 315 hivi kwa urefu wote, unaotosha sura za droo. Kama utabandika ukanda wa plastiki wenye unene wa milimita 1 kwenye kingo, bodi ikatwe 445 kwa 713, la sivyo milango itagongana. Kingo zote nne zibandikwe, hata ule wa chini usioonekana. Hapo ndipo maji ya kudeki huingilia, na MDF (ubao wa nyuzi laini za mbao zilizoshindiliwa) isiyozibwa huweza kuvimba kwa chini hata ndani ya mwaka wa kwanza.

Bawaba

Bawaba za kikombe, zile zinazojificha mlango ukifungwa, huuzwa kwa maumbo matatu. Iliyonyooka ni ya mlango unaofunika ukingo wote wa boksi. Iliyopinda kidogo ni ya milango miwili inayogawana ubao mmoja wa katikati. Iliyopinda sana ni ya mlango unaoingia ndani ya fremu. Fundi akikununulia umbo moja kwa jiko zima, baadhi ya milango haitafunga, hata akikaza skrubu mpaka jioni.

Kikombe kinahitaji tundu la kipenyo cha milimita 35 na kina cha 12 hivi. Weka kitovu cha tundu milimita 22 kutoka ukingo wa mlango, na 100 kutoka juu na chini. Mlango usiozidi milimita 900 kwa urefu unatosha bawaba mbili. Zaidi ya hapo weka tatu. Kwenye boksi, mstari wa skrubu za kitako cha bawaba ni milimita 37 kutoka ukingo wa mbele. Kwa mlango unaoingia ndani, ongeza unene wa mlango. Tundu la zamani likiwa limelegea, lijaze kijiti cha mbao chenye gundi nyeupe, kikauke usiku mzima, kisha toboa upya. Kwenye ukuta wa tofali usifunge kitako moja kwa moja: funga kwanza mbao ya inchi 2 kwa 2 kwa plagi za ukutani za milimita 8, ndipo ufunge bawaba kwenye mbao.

Anayeweka mtungi wa gesi kabatini apime mtungi ukiwa na regileta juu yake, na aache matundu ya hewa sehemu ya chini kabisa ya mlango. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hulala sakafuni. Usilipuuze hili kwa ajili ya urembo.

Kaunta

Graniti ya milimita 20 ina uzito wa kilo 54 hivi kwa mita ya mraba. Kipande cha mita 2.4 kwa 0.6 kinakaribia kilo 78, na hubebwa kikiwa kimesimama kwa ukingo, kamwe kisilazwe, maana hukatikia penye tundu la sinki. Kwa nyumba za mlimani hapa Mwanza, kama Igogo au Mabatini, ambako gari huishia chini, agiza vipande vya mita 1.2: kila kimoja ni kilo 39, watu wawili wanapanda nacho. Kiungio kisiangukie kwenye sinki.

Kina cha sentimita 60 kinatosha boksi la milimita 560, mlango wa 18 na 22 za kujitokeza. Omba kifereji chembamba upande wa chini, karibu na ukingo wa mbele, ili maji yadondoke badala ya kurudi kwenye milango. Kona ya ukuta ipime hivi: sentimita 60 upande mmoja, 80 wa pili, mshazari usiposoma 100, kona haiko mraba, na jiwe likatwe kwa kufuata kiolezo cha kadibodi. Pembe za tundu la sinki zitobolewe mviringo kwanza. Pembe kali ndiyo chanzo cha ufa. Jiwe likatwe nje, kwa maji, na barakoa ya vumbi. Vumbi la graniti huharibu mapafu, na mafundi wetu wengi hulivuta kila siku bila kinga.

Jiwe likikaa juu ya boksi, tumia nukta za silikoni, si saruji. Likikaa juu ya zege lenye vigae, gonga kila kigae, ondoa vinavyolia utupu, kwaruza vilivyobaki, halafu paka gundi ya vigae. Kaunta itapanda milimita 25 hivi, kwa hiyo angalia mapema kama shingo ya koki itafika upande wa pili na kama dirisha bado litafunguka. Kabla ya kulegeza viungo vya mabomba, funga koki ya mita na ya simtanki pia. Wengi husahau ya juu na jiko hufurika.

Ziba ukuta na sinki kwa silikoni isiyonuka siki, kwani ile yenye siki huweza kutia jiwe doa. Isiguswe na maji kwa saa 24. Kisha dondosha maji juu ya graniti: yakiacha weusi baada ya dakika 10, paka kinga ya mawe kabla hujakatia sangara hapo, la sivyo mafuta yake yataingia na hayatatoka.

Sasa funga milango. Panga kwa skrubu za bawaba, kwanza urefu, kisha kushoto na kulia, mwisho kina. Baada ya wiki mbili za matumizi, zikaze tena.