Kusoma lebo ya divai ya Campania
Anayenunua divai ya Campania, jimbo la kusini mwa Italia ambalo makao yake makuu ni Napoli, asitarajie kwamba lebo itamtajia aina ya zabibu kila mara, kwa kuwa baadhi ya divai bora za huko huitwa kwa jina la mahali tu. Mfano mkubwa ni Taurasi, divai nyekundu yenye jina la mji mdogo wa mkoa wa Avellino, ambayo kisheria angalau asilimia 85 yake lazima itokane na zabibu za Aglianico, kisha ikomazwe kwa miaka isiyopungua 3, ikiwemo mwaka 1 ndani ya mapipa ya mbao. Likiongezwa neno Riserva, muda huo hufika miaka 4. Aglianico huchelewa sana kuiva, na divai yake ikiwa changa huwa na ukakasi mwingi. Kwa maoni yangu, Taurasi inastahili kusubiriwa hata baada ya muda wa kisheria kwisha, kisha inywewe pamoja na nyama ya kondoo iliyopikwa taratibu.

Kwa divai nyeupe kazi ni nyepesi: katika Fiano di Avellino na Greco di Tufo, neno la kwanza ni zabibu na la mwisho ni mahali. Zote mbili zilipewa daraja la DOCG, la juu kabisa nchini Italia, mwaka 2003, miaka 10 baada ya Taurasi, na chupa halisi huwa na utepe wa serikali wenye namba, uliobandikwa shingoni.